SSD au diski ngumu? Jinsi ya kuchagua kabla hujatoa pesa

Maswali ni yale yale. "Laptopu yangu inachukua dakika tano kuwaka, niongeze RAM?" "Nikiweka SSD, picha zangu zitapotea?" "Mbona diski ya TB 1 inasoma 931, nimeibiwa?" Na lile linalorudi kuliko yote: "Kati ya SSD na diski ngumu, ipi bora?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaandika yote mahali pamoja.

Ipi bora ni swali lisilo na jibu, sawa na kuuliza bora jembe au panga. Jiulize hivi: diski hii itafanya kazi gani, na mashine yangu inapokea ya aina gani? Wengi ninaowaona wakijuta hawakukosea katika SSD na diski ngumu. Walinunua kitu kizuri ambacho hakiingii kwenye mashine yao.

Nadharia ni hii tu. Ndani ya diski ngumu kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5400 au 7200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa kinachosoma. Kila faili inapotafutwa, mkono husogea na sahani huzunguka mpaka mahali pake pafike chini ya kichwa. Safari moja huchukua kama milisekunde 10, kwa hiyo diski hufanya safari mia moja hivi kwa sekunde. SSD ni chipu tupu, hakuna kinachosogea, nayo hufanya safari za namna hiyo makumi ya maelfu kwa sekunde. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. Dakika tano zako zinaishia hapo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Jina kamili la modeli ya mashine yako. Liko kwenye kibandiko cha chini, au kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo. Jina la kampuni peke yake halisaidii.
- Bisibisi ndogo ya nyota, na kadi ya plastiki ya kubandulia kifuniko. Usitumie kisu.
- Kebo ya kugeuza SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski ndani ya kompyuta) kuwa USB, au kasha la nje linalolingana na diski utakayonunua.
- Diski ya nje yenye nafasi ya kutosha kubeba faili zako zote.
- Flashi ya GB 8 au zaidi, kama utaweka mfumo endeshi upya.
- Kibakuli cha skrubu. Unacheka, lakini skrubu ya M.2, SSD yenye umbo la kijiti, ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ikidondoka kwenye zulia usiku huo umekwisha.

Hatua ya 1: Hakikisha mwenye kosa ni diski

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha nenda sehemu ya "Performance". Matoleo ya karibuni ya Windows 10 na Windows 11 hukuandikia kabisa chini ya jina la diski kama ni SSD au HDD (yaani diski ngumu). Kwenye Linux fungua terminali uandike `lsblk -d -o NAME,ROTA,SIZE`: ukiona 1 kwenye safu ya ROTA, diski hiyo inazunguka, 0 ni SSD.

Sasa tazama asilimia. Mteja mmoja aliniletea laptopu aliyokwisha kuiongezea RAM hadi GB 16, bado inajivuta. Tuliiwasha tukakaa kuitazama. RAM: GB 4 tu zinatumika. Diski: asilimia 100, imeganda hapo, na kasi ya kusoma haifiki hata MB 2 kwa sekunde. Ukisogeza sikio karibu na kibodi unasikia krr, krr, krr, mkono ukihangaika huku na huku. Hiyo ndiyo sura ya diski ngumu iliyoelemewa na faili ndogondogo. Tulipoweka SSD ya SATA, ya kawaida kabisa, mashine ile ile ikawa inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Ile RAM ya ziada imebaki pale, haina shughuli.

Ukikuta tayari una SSD, na RAM ndiyo iliyojaa asilimia 90, funga mwongozo huu. Tatizo lako ni jingine.

Hatua ya 2: Ipangie diski kazi yake

Mfumo endeshi na programu: SSD. Hapa sibishani na mtu. Michezo mikubwa na video unazohariri sasa hivi ziende huko pia.

Filamu, picha za miaka kumi, nakala za akiba: diski ngumu. Faili hizi husomwa mara chache, na zikisomwa husomwa kwa mfululizo, kazi ambayo diski ngumu inaimudu vizuri, na kila GB hukugharimu kidogo.

Kamera za ulinzi zinazorekodi usiku na mchana: diski ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usichomoe iliyokuwa kwenye kompyuta ya zamani ukategemea ikeshe.

Laptopu inayosafiri kwenye begi kila siku: SSD, hata kama kasi si shida yako. Kichwa cha diski ngumu huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, na pigo moja wakati inazunguka linaweza kukikwaruza.

Kabati: ukitaka kuhifadhi kitu miaka mingi bila kukiwasha, usikiache kwenye SSD. Chipu zake hushikilia data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za watu wa kawaida kinadai ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, na hicho ni kwa iliyokwisha kutumika mpaka kikomo chake. Mpya hukaa zaidi, lakini mimi sikubali kuweka picha za harusi rehani.

Kama ni kompyuta ya mezani, mara nyingi huna haja ya kuchagua. Weka SSD ya kuwashia na diski ngumu ya ghala.

Hatua ya 3: Hesabu ukubwa

Angalia umetumia GB ngapi leo, ongeza nusu yake, kisha panda hadi ukubwa unaofuata dukani. Kwa Windows, GB 128 hujaa kwa masasisho tu. 256 inavumilika, 500 inakuacha upumue. Usijaze SSD mpaka pomoni. Acha walau asilimia 10 wazi, kwa sababu inahitaji nafasi ya kupangia upya data ndani kwa ndani.

Na hapana, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu TB 1 kama baiti 1,000,000,000,000, lakini Windows hugawanya kwa 1024 kila ngazi, ndipo inapatikana 931. Ya GB 500 itasoma 465.

Hatua ya 4: Jua mashine yako inapokea nini

Hatua hii ndiyo inayowala watu pesa. Soma polepole.

Diski ya inchi 3.5 ni ya kompyuta ya mezani, haiingii kwenye laptopu. Ya inchi 2.5 ndiyo ya laptopu za zamani kidogo, na inaweza kuwa diski ngumu au SSD. Zote hutumia kiunganishi kile kile cha SATA, kwa hiyo unatoa hii unaweka ile. Angalia unene. SSD nyingi ni milimita 7, diski ngumu za laptopu nyingi ni 9.5. Nyembamba ikilegea kwenye nafasi ya nene, weka fremu ya plastiki ya kuzibia. Nene haiingii kwenye nafasi ya nyembamba hata uombe.

Kisha kuna M.2, ile inayofanana na kijiti cha RAM. Nimeshaungua hapa mwenyewe. Nilikuwa na laptopu yenye tundu la M.2, nikaona SSD ya M.2, nikanunua. Iliingia vizuri, skrubu ikashika, nikawasha kwa raha zangu. BIOS, ile programu ya ubao mama inayoamsha mashine, haikuona kitu. Nikachomoa, nikarudisha, nikapuliza vumbi, nikasasisha BIOS, usiku mzima. Asubuhi ndipo niliposoma mwongozo wa mashine: tundu lile ni la SATA peke yake, na mimi nimenunua NVMe.

M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna lugha mbili: SATA na NVMe. Diski na tundu sharti vizungumze lugha moja, ingawa yako matundu yanayoelewa zote mbili. Kwa upande wa diski, tazama meno ya shaba: za M.2 SATA kwa kawaida zina mapengo mawili, za NVMe kwa kawaida zina moja. Lakini usiamini mapengo peke yake, maana tundu lenye umbo sahihi huenda halijaunganishwa na lugha unayotaka. Mwamuzi ni mwongozo wa huduma wa modeli yako. Tafuta jina la modeli pamoja na neno M.2, na usome mpaka uone limeandikwa SATA, NVMe au PCIe (njia ambayo NVMe hupitia).

Halafu urefu. Namba 2280 maana yake upana milimita 22, urefu 80. Zipo 2242 na 2230, nazo zinapatikana kwenye mashine ndogo. Ukinunua 2280 kwa nafasi ya 2242, tundu la skrubu halitakutana na kitu.

Mwisho wa yote, kuna mashine ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao mama: laptopu nyingi ndogo za eMMC (chipu ya hifadhi ya bei nafuu) na laptopu nyingi za Apple za miaka ya karibuni. Hizo hazibadilishwi. Nunua diski ya nje uendelee na maisha.

Hatua ya 5: Soma namba za kwenye boksi bila kudanganyika

SSD ya SATA haivuki MB 550 hivi kwa sekunde, kwa kuwa hapo ndipo SATA inapokomea. NVMe ya PCIe 3.0 hufika kama 3500, ya PCIe 4.0 kama 7000. Zinavutia. Lakini ukitoka diski ngumu kwenda SSD yoyote, utashangaa. Ukitoka SSD ya SATA kwenda NVMe, kama kazi yako ni barua, kivinjari na mahesabu, utabaki kuuliza iko wapi. Anayehariri video au kuhamisha faili nzito kila siku ndiye atakayeihisi. Diski ya 4.0 ikiwekwa kwenye tundu la 3.0 hufanya kazi bila tatizo, ila kwa kasi ya 3.0.

Tafuta herufi TLC au QLC. TLC huweka biti 3 katika kila seli, QLC huweka 4. QLC ni nafuu, lakini huchoka mapema, na kasi yake ya kuandika huporomoka unapomimina faili kubwa mfululizo. Kwa diski ya kuwashia, mimi nachukua TLC.

Kuchoka kwenyewe kusikutie hofu. Boksi huandika TBW, yaani TB zinazodhaminiwa kuandikwa. Chukua diski ya TBW 600. Ukiandika GB 50 kila siku, ambazo kwa mtumiaji wa kawaida ni nyingi, utahitaji siku 12,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 32, na laptopu yenyewe itakuwa imekwisha kutupwa.

Kwa diski ngumu, uliza kama ni CMR au SMR. CMR huandika mistari ya data bila kuipandanisha. SMR hupandanisha mistari ya data kama vigae vya paa: ukitaka kubadilisha kigae kimoja, unagusa na vya jirani. Kwa ghala la kuweka na kusahau haina neno. Kwa diski inayoandikwa upya kila mara, au iliyo kwenye kundi la RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), iache.

Hatua ya 6: Ikague kabla hujaiamini

Diski ya nje yenye TB nyingi kwa bei ya flashi ni bandia. Huwa ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyogundishwa ndani ya kasha zuri, na programu yake imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa. Itanakili faili zako, itaonyesha majina yote, ila ukizifungua ni tupu. Ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: hujaza diski nzima kisha husoma kila kitu upya. Huchukua saa nyingi. Iache ilale inafanya kazi.

Kwa diski iliyotumika, fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, au `smartctl -a` kwenye Linux. Kwenye diski ngumu nenda moja kwa moja kwenye mistari ya 05, C5 na C6, ile ya sekta mbovu. Thamani ghafi ikiwa si sifuri, mrudishie mwenyewe. Tazama na saa ilizowaka: mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo "imetumika kidogo tu" yenye saa 40,000 unajua la kuifanya.

Hatua ya 7: Badilisha

1. Nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje, uzifungue kadhaa kuhakikisha zinafunguka. Usiruke hapa hata kama una haraka.
2. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi. Watu hugundua kuwa wana BitLocker siku wasiyoutaka.
3. Amua: kuweka mfumo upya au kukloni, yaani kuhamisha diski nzima ilivyo. Mfumo uliojaa takataka ya miaka mitano ni heri uanze upya. Ukikloni kwa Clonezilla, diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani, vinginevyo utahangaika.
4. Onyo: programu ya kukloni itakuuliza diski chanzo na diski lengwa. Ukizigeuza, diski tupu itafuta diski yenye data, kimya kimya, kwa ufanisi mkubwa. Soma namba ya modeli na ukubwa wa kila moja kwa sauti kabla ya kukubali.
5. Zima kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri kama inafikika. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli utoke mwilini.
6. M.2 huingia kimshazari, imeinuka kama nyuzi 30, kisha unailaza na kufunga skrubu. Ikikataa, usisukume, geuza. Ya inchi 2.5 husukumwa moja kwa moja, sambamba na kiunganishi.
7. Washa, ingia BIOS, hakikisha diski mpya ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kuwashia.
8. Kwenye Windows andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Ikijibu 0, TRIM (amri inayoiambia SSD ni data gani imefutwa) inafanya kazi na SSD itabaki na kasi yake.

Usiifute diski ya zamani kwa wiki mbili. Daima kuna folda moja iliyosahaulika. Na usipakue programu za kupanga upya vipande vya faili: kwa diski ngumu zina maana, kwa SSD unaichosha bure.

Mambo yakikwama

*Diski mpya haionekani kwenye Windows.* Ipo, haijaanzishwa. Bonyeza kitufe cha kulia kwenye menyu ya kuanzia, chagua "Disk Management", ianzishe kwa GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski), kisha uifomati. Ukichagua MBR, mpangilio wa zamani, kwenye diski kubwa kuliko TB 2, kilichozidi hutakitumia.

*Hata BIOS haiioni.* Rudi hatua ya 4. Kwenye kompyuta ya mezani, soma mwongozo wa ubao mama: baadhi ya mbao huzima soketi moja au mbili za SATA pale tundu la M.2 linapotumika, na diski yako ya zamani huenda imechomekwa humo.

*Kisakinishi cha Windows kinasema hakuna diski, lakini BIOS inaiona.* Kwenye mashine nyingi za Intel za karibuni, mkosaji ni VMD au RST, mifumo ya Intel ya kusimamia diski. Pakua kiendeshi chake kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, kiweke kwenye flashi, kipakie wakati wa usakinishaji.

*Nimekloni lakini haiwaki.* Chomoa diski ya zamani kwanza, zisigombanie kuwasha. Bado? Angalia kama mfumo wa zamani ulikuwa MBR na BIOS sasa iko kwenye UEFI, njia mpya ya kuwasha inayotaka GPT.

*Nimeweka SSD, bado nzito.* Kama imejaa, ipunguze. Kama mashine ni ya SATA ya kizazi cha pili, kasi itaishia kwenye MB 280 hivi, nayo bado ni nafuu kubwa. Kama inaanza kwa kasi kisha inazama katikati ya kunakili faili kubwa, akiba yake ya haraka imejaa, na mara nyingi ni QLC. Isubiri.

*Mstari wa C7 kwenye CrystalDiskInfo unaongezeka.* Diski haina kosa, badilisha kebo.

*Nimefuta faili kwenye SSD, nataka kuirudisha.* Kama TRIM imeshapita, chipu zimesafishwa na hakuna fundi wa kuirudisha. Itafute kwenye nakala ya akiba.

*Diski ngumu inagonga tik, tik, tik, halafu inanyamaza.* Zima sasa hivi, katikati ya sentensi unayosoma. Kila inapojaribu kuwaka, kichwa kilichoharibika huenda kinazidi kukwaruza sahani. Usiiweke kwenye friji, usiipige kofi, usiifungue. Kama data ni ya thamani, ipeleke ikiwa imezimwa kwa watu wa kuokoa data wenye chumba kisicho na vumbi, na uwaambie mara ngapi umeiwasha tangu ilipoanza kugonga.